Kazi za Wasiochaguliwa

Kila tarehe 2 Januari, saa 2 kamili asubuhi, vijana wa vyuo vikuu ishirini na kitu hujipanga mbele ya jengo la gazeti la Yomiuri, mtaa wa Otemachi, katikati ya Tokyo. Hakuna aliyeshika kijiti. Kila mmoja amevaa ukanda mwembamba wa kitambaa unaoteremka kutoka bega moja hadi ubavu wa pili, kwa rangi ya chuo chake: Waseda damu ya mzee, Aoyama Gakuin kijani kibichi, chuo kiitwacho Chuo nyekundu, Komazawa zambarau iliyopauka. Ukanda huo, ambao wenyewe huuita tasuki, utapita kwa watu watano mpaka ufike ukingoni mwa Ziwa Ashi, huko milimani Hakone, kilomita 107.5 kutoka mjini. Kesho yake wengine watano wataurudisha Tokyo kwa kilomita 109.6. Umati husimama kando ya barabara karibu njia nzima, na waliobaki nyumbani na bakuli la supu ya mwaka mpya huzifuata mbio kwenye televisheni ya Nippon, inayozirusha moja kwa moja tangu 1987. Katika eneo la Tokyo takriban asilimia 30 ya nyumba huwa zimefungulia kituo hicho.

Ajabu ni kwamba haya si mashindano ya taifa. Ni ya vyuo vya Kanto tu, yaani Tokyo na mikoa inayoizunguka, na ni ya wanaume peke yao. Vyama vya riadha vya vyuo hivyo vina warusha tufe na wakimbiaji wa mita 100 pia, tena wengine hodari, ila siku yao kubwa ni mashindano ya Kanto mwezi Mei, na Mei hakuna anayeacha chakula kipoe kwa ajili yao. Ukisema riadha ya chuo kwa Mjapani wa kawaida, anachokiona akilini ni Hakone.

Mwanzilishi wake alikuwa mtu wa visa. Kanakuri Shizo alikwenda Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 kukimbia marathoni, akazidiwa na joto njiani, akapokewa nyumbani kwa wenyeji, kisha akarudi kwao bila kuwaarifu waandalizi. Waswidi walimwita tena mwaka 1967, akiwa mzee, amalize kazi aliyoiacha. Alimaliza, na muda wake ukatangazwa: miaka 54, miezi 8, siku 6, na saa tano na ushee juu yake. Katikati ya hayo, mwaka 1920, aliwashawishi wenzake waanzishe mbio za vyuo za kwenda Hakone na kurudi, akiwa na ndoto ya kupata vijana wa kukimbia kuvuka Marekani. Marekani haikuvukwa. Vyuo vinne vilivyoanza vimeongezeka, na mwaka 2024 mbio hizi zilitimiza mara ya 100.

Wageni wanaoandika habari za Hakone huwaandika wenye kasi. Nami nitawafikia. Lakini kwa maoni yangu anayetaka kuijua jamii hii aanze na wasiokimbia, kwa sababu ndio wengi. Chama kikubwa kinaweza kuwa na wakimbiaji hamsini wa masafa marefu. Majina yanayopelekwa Desemba ni 16, na watakaovaa ukanda ni 10. Msimu wote, kuanzia Aprili vijana wapya wanapoingia bwenini hadi Januari, ni kazi moja ndefu ya kupunguza watu. Mila nyingi za vyama hivi zimezaliwa hapo: umpe nini yule uliyemwacha, ili asiondoke na asiharibu roho za waliobaki?

Maisha yenyewe ni ya bweni. Alfajiri mnamo saa 11 na nusu wote wako nje kwa mbio za asubuhi. Baada ya hapo chakula cha pamoja, masomo, mazoezi makubwa ya jioni, kuoga pamoja, na milango kufungwa saa 4 usiku. Mwaka wa kwanza ndio wanaofagia, wanaotandika mikeka ya mazoezi, wanaosalimu kwanza. Aliyekutangulia mwaka mmoja ni mkubwa wako hata kama unamshinda uwanjani kwa dakika nzima, na utamwita kwa heshima ya ukubwa huo hadi mtakapozeeka. Msomaji aliyelala bweni la sekondari ya Kenya au Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi, isipokuwa kwamba huku wengine hukubali hali hiyo miaka minne mizima kwa hiari yao.

Aliyelilegeza kidogo bweni la namna hiyo ni Hara Susumu. Mwaka 2004, baada ya miaka kadhaa ya kazi ya mauzo katika kampuni ya umeme, alikabidhiwa kikosi cha Aoyama Gakuin, chuo ambacho Hakone ilikuwa imekisahau. Alihamia bwenini huko Machida na mkewe, naye mkewe akawa mama wa bweni. Kila kijana aliandika malengo yake kwenye karatasi ili wenzake wayasome, na vikao vidogo vya kuyajadili vilichanganya makusudi mwenye kasi, mwenye wastani na majeruhi. Wakongwe wa riadha walimwona mcheshi mno, mtu wa kuzipa mbio zake majina ya kuchekesha kila mwaka mbele ya waandishi. Mwaka 2009 chuo kilirudi Hakone baada ya miaka 33. Mwaka 2015 kilishinda kwa mara ya kwanza, na kufikia 2025 kilikuwa kimeshinda mara nane. Nionavyo, siri iko kwenye kile kikao. Majeruhi aliyeulizwa maoni yake Juni hana haraka ya kufungasha Septemba.

Kiangazi ni kambi za milimani, mahali kama Sugadaira na Ziwa Shirakaba, ambako kijana anaweza kukusanya kilomita elfu moja kwa mwezi. Kisha msimu unafunguka kwa mashindano matatu. Oktoba ni Izumo, vipande sita vifupi, mbio za wenye kasi. Novemba ni zile zinazoanzia hekalu la Atsuta mjini Nagoya na kuishia hekalu la Ise, vipande vinane, kilomita 106.8. Januari ni Hakone. Komazawa ilitwaa yote matatu katika msimu wa 2022 hadi 2023, mwaka wa mwisho wa kocha Oyagi Hiroaki. Huyu ni mzee wa kipaza sauti, aliyekuwa akimpigia mkimbiaji kelele kutoka ndani ya gari kumkumbusha kuwa yeye ni mwanamume. Leo vijana huiga kilio hicho kwa mzaha.

Walio chini wana njia yao nyingine. Hakone inawahakikishia nafasi ya mwakani wale kumi wa kwanza tu. Aliyeshika nafasi ya 11 atakwenda mjini Tachikawa mwezi Oktoba, kwenye mbio za mchujo, pamoja na makumi ya vyuo vingine vinavyogombea nafasi kumi. Kila chuo huingiza watu wasiozidi 12, wote wanakimbia nusu marathoni kwa pamoja, na muda wa kumi wa kwanza unajumlishwa. Hapa hakuna ukanda. Baada ya mbio wanasimama kwa makundi kwenye majani, wengine bado wanatetemeka, wakisubiri majina ya vyuo yasomwe moja baada ya jingine kwenye kipaza sauti.

Oktoba 2024 jina la kumi lilikuwa Juntendo. Muda wao wa jumla, watu kumi kwa pamoja, ulikuwa zaidi ya saa 11. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tokyo kilikuwa nyuma yao kwa sekunde 1. Fikiria vijana kumi, kila mmoja akijiuliza kama ni yeye aliyeipoteza sekunde hiyo, pengine kwa kukata kona vibaya au kwa kugeuka kumtazama mwenzake. Miezi mitatu baadaye hao hao Juntendo, waliookolewa na sekunde moja, walimaliza Hakone katika nafasi ya 11, sekunde 7 nyuma ya Teikyo. Wakarudi kwenye mchujo. Nimeona watu wakidai michezo ya vyuo haina ukatili wa michezo ya kulipwa. Sijui wanatazama michezo ipi.

Lakini kabla ya hayo yote kuna kikao kimoja ambacho televisheni haikirushi. Katika vyama vingi, wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu hukaa wenyewe kwa wenyewe kuchagua mmoja wao aache kukimbia na kuwa meneja. Hakuna anayetaka. Wote waliletwa chuoni na miguu yao, wengine wakiwa nyota wa mkoa, na nyumbani mama ameshawaambia majirani watazame televisheni Januari. Vikao hivi huchukua wiki, hata miezi. Mwishowe mmoja anakubali, mara nyingi yule ambaye goti au hesabu ya muda wake imeshamwambia ukweli, na mara nyingine yule ambaye wenzake wanamwamini kuliko wote, jambo ambalo halimpunguzii uchungu. Kuanzia siku hiyo anashika saa ya mazoezi, anakodi hoteli, anapanga mabasi, anajibu waandishi, anamwambia kocha nani amedanganya kuhusu maumivu yake. Meneja mkuu ni mtu wa kuogopwa bwenini, na siku ya mbio mara nyingi yumo garini pamoja na kocha, hatua chache nyuma ya rafiki zake. Wapo mameneja wasichana pia, waliojiunga kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Hakone yao wenyewe haipo, na hiyo ni kasoro ambayo umri wa miaka mia moja hautoshi kuwa udhuru wake.

Desemba inakuja na orodha ya 16. Tarehe 29 vyuo hutangaza nani atakimbia kipande kipi, na hapo ndipo uongo wa kistaarabu unaanza. Kanuni zinaruhusu kubadilisha majina asubuhi ya mbio, kwa hiyo makocha huwaficha mashujaa wao kwenye akiba na kuandika jina la mwingine mahali pao. Kila mtu anajua. Yule aliyeandikwa anajua pia kwamba jina lake gazetini ni la kushikia nafasi tu, na kwamba asubuhi, saa moja na kidogo kabla ya bastola, litafutwa. Bado ataamka, atavaa, atapasha mwili joto, maana mwenzake anaweza kuamka na homa.

Siku yenyewe kila mkimbiaji huwa na msindikizaji, mwanachama asiyekimbia, ambaye kwa kawaida amemchagua mwenyewe. Huyo hulala naye hotelini, hubeba begi, husoma ujumbe wa simu na kuchuja ule unaoweza kumtia hofu, na dakika ya mwisho hupokea koti. Wengine huwekwa barabarani, kwenye alama za kilomita 10 na 15, kumpa mkimbiaji maji. Wanaruhusiwa kukimbia naye kwa mita 50 hivi. Kazi hiyo hupewa sana wanafunzi wa mwaka wa nne waliokosa nafasi mara zote nne, na katika mita hizo 50 televisheni humwona kijana aliyejiandaa miaka minne akikimbia kwa kasi yake yote na chupa mkononi, akimpigia kelele mdogo wake. Wengi hushindwa kusema walichokikusudia. Mimi hupenda kipande hicho kuliko utepe wa mwisho.

Kuhusu ukanda, heshima yake ina kanuni zake. Lazima uvaliwe wakati wote wa kukimbia. Unaruhusiwa kuushika mkononi mwanzoni ukishaupokea na mwishoni ukikaribia kuukabidhi. Anayefika kituoni hugeuka na kuiinamia barabara aliyotoka. Jambo linaloogopwa kuliko kushindwa ni mkono kukosa ukanda. Barabara kuu haiwezi kufungwa kutwa nzima, kwa hiyo chuo kikichelewa kupita kiasi nyuma ya kinachoongoza, dakika 10 kwenye vituo viwili vya kwanza, dakika 20 siku ya kurudi, mwenzako huondoshwa bila kukusubiri, amevaa ukanda wa akiba. Kuna picha ambazo kila Mjapani amewahi kuziona za kijana anayetokea kwenye kona, ukanda umekunjwa mkononi, na mgongo wa mwenzake ndio kwanza unaondoka. Watangazaji hulia naye. Wakati mwingine nahisi kamera inamsubiri huyo kwa hamu isiyo ya heri.

Shujaa mkubwa wa simulizi hizi ni wa kipande cha tano, ambacho hupanda mlima hadi mita 874. Mwaka 2009 Kashiwabara Ryuji, mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Toyo, alipokea ukanda karibu dakika tano nyuma ya aliyeongoza, akafika ziwani wa kwanza, na Toyo ikapata ubingwa wake wa kwanza kabisa. Kipande hicho alikishinda miaka yote minne. Alikuwa mtoto wa Fukushima, na Januari 2012, miezi kumi baada ya tetemeko, tsunami na balaa la kinu cha nyuklia, alisema baada ya mbio kwamba mateso yake ni ya saa moja na kidogo tu, ilhali ya watu wa kwao ni makubwa zaidi. Ni vigumu kumwonea wivu mtu wa namna hiyo.

Kipande cha pili, kilomita 23.1, ndicho cha majemadari, na ndipo tunapoingia sisi. Mwaka 1989 chuo kichanga cha Yamanashi Gakuin, chini ya kocha Ueda Masahito, kiliingiza mbioni Wakenya wawili, Joseph Otwori na Kennedy Isena. Otwori alipewa kipande cha pili, akawapita watu saba na kuondoka na zawadi ya kipande. Haikumfurahisha kila mtu. Lakini Yamanashi Gakuin ilichukua ubingwa mwaka 1992, ikarudia 1994 na 1995, na vyuo vingine vikafuata njia. Tazama majina: Otwori, Mayaka, Mogusu, Omwamba. Dunia nzima inapozungumzia mbio za Kenya hutaja Iten na Eldoret, lakini kwa miaka mingi njia ya Hakone ilipitia kwa Wakisii. Mtu humvuta ndugu, kocha humwamini aliyemleta yule wa kwanza, na hivyo ndivyo uwanja wa Yamanashi Gakuin mjini Kofu ulivyojaa watu wa Nyanza.

Kanuni ilikuja kuwabana: chuo kinaweza kuorodhesha wageni wawili, lakini mmoja tu ndiye atakayekimbia. Kwa hiyo Mkenya wa pili ni sawa kabisa na Mjapani wa kumi na moja, naye hujifunza kubeba koti. Mimi naona hapo ndipo anapokuwa mwanachama kamili. Yule wa kwanza anaweza kubaki mgeni wa heshima. Wa pili hana heshima ya kujifichia, anaamka saa 11 kama wengine, anainama kama wengine, na anajifunza Kijapani kwa sababu bila hicho hana wa kumlalamikia.

Na wa kwanza naye hugundua udogo wake. Mwaka 2009 Gitau Daniel wa Chuo Kikuu cha Nihon aliwapita watu 20 kwenye kipande cha pili. Mwaka 2021 Vincent Yegon wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Tokyo aliweka rekodi ya kipande hicho, saa 1:05:49, akiwapita 14. Chuo chake kilimaliza wa kumi. Mwaka 2025 Richard Etir, wa chuo hicho hicho, aliishusha hadi 1:05:31, na mwisho wa siku ya pili walikuwa wa nane. Kipande ni sehemu moja ya kumi tu, na sehemu tisa zilizobaki zinakimbiwa na vijana ambao hakuna ajuaye majina yao. Tangu 1995 hakuna chuo chenye mkimbiaji kutoka Afrika kilichofika karibu na ubingwa kama Soka, mwaka 2021. Philip Mulwa alifanya kazi yake kwenye kipande cha pili, wenzake wakashika uongozi, na kipande cha mwisho kikaanza Soka wakiwa mbele kwa dakika 3 na sekunde 19. Komazawa iliwapita zikiwa zimebaki kilomita mbili hivi.

Lililonigusa zaidi ni la 2014. Enock Omwamba wa Yamanashi Gakuin alisimama karibu na katikati ya kipande cha pili. Mfupa wa mguu ulikuwa umepasuka. Kikanuni mbio za chuo ziliishia hapo. Hata hivyo wanane waliobaki walikimbia vipande vyao vyote, siku mbili, bila nafasi wala muda wa jumla wa kuhesabiwa, mbele ya umati uliojua hilo. Si kwamba walikuwa na ushujaa wa pekee. Walikuwa wamelelewa ndani ya mila ambayo tangu Aprili inawafundisha watu kufanya kazi kamili isiyo na nafasi.

Baadhi ya Wakenya hao walibaki. Stephen Mayaka alifika Japani mwaka 1990 akiwa mwanafunzi wa sekondari, akawa jemadari wa kipande cha pili wa Yamanashi Gakuin, na upinzani wake na Watanabe Yasuyuki wa Waseda bado unasimuliwa na watu wa rika lao. Baadaye alichukua uraia wa Japani, akawa kocha, na kwa miaka kadhaa alikiongoza chuo cha Obirin, ambacho hakikuwa na nafasi ya kuhakikishiwa na kila Oktoba kililazimika kwenda Tachikawa. Mtu ambaye katika ujana wake hakuwahi kuwa na shaka ya kuchaguliwa sasa alikuwa na bweni zima la vijana, na karatasi yenye nafasi 12.